Usimfiche Mteja Bei: Tovuti ya Biashara ni Kaunta

Kuna neno moja tungependa lifutwe kwa biashara za Kenya mwaka huu, nalo ni "inbox". Unaona kiti kizuri mtandaoni, unauliza bei, unajibiwa "inbox". Unaenda inbox, unangoja. Jioni unaletewa ujumbe: "Hello dear, ungependa rangi gani?" Bei bado. Ugonjwa huu sasa umehamia hata kwa tovuti. Mtu analipa fundi wa tovuti pesa zake nzuri, anapewa kurasa nane zenye picha zinazozunguka, historia ya kampuni, maono na dhamira, lakini hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa kitu kinauzwa shilingi ngapi na kinalipiwa vipi.

Sisi kazi yetu ni malipo. Hatutengenezi tovuti wala hatuziuzi, kwa hivyo kwa haya tunayosema hapa hatumvutii mtu biashara. Lakini malipo ndiyo mwisho wa safari ya mteja, na ukikaa pale mwisho unaona mengi. Unaona mteja aliyefika hadi kuweka PIN halafu akaghairi. Unaona aliyekosea tarakimu moja ya till na pesa zikaenda kwa duka la dawa asilolijua. Unaona aliyelipa paybill na, kwa kukosa kuambiwa aandike nini pale kwa akaunti, akaandika jina la mtoto wake. Ukifuatilia, mara nyingi shida haikuanzia kwa simu. Ilianzia kwa ukurasa usiosomeka.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme wewe ni fundi wa fanicha pale Ngong Road. Kando ya barabara kazi yako inajiuza yenyewe: mtu anapita na gari, anaona kitanda, anasimama, anauliza "hii ni ngapi?", unamwambia, mnapatana. Hakuna siku utamwambia mtu aliyesimama mbele ya kitanda, "Ngoja kwanza nikusomee tulivyoanza na ndoto zetu za miaka mitano ijayo." Angekuacha hapo. Sasa mbona tovuti yako inamfanyia hivyo?

Mteja anayefungua ukurasa wako ana maswali machache sana. Mnauza nini? Ni ngapi? Mko wapi, na mtaniletea? Nalipaje? Halafu kuna lile asilolisema kwa sauti: nitajuaje nyinyi si matapeli? Kila kitu kwa ukurasa wa kwanza kinafaa kujibu mojawapo ya hayo. Kisichojibu, kitafutiwe mahali pengine, ama kiondolewe kabisa.

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo tunapobishana sana na wafanyabiashara wenzetu.

Hoja ya kwanza wanayotuletea ni kwamba washindani wataona. Ndiyo, wataona. Lakini mshindani wako hakuhitaji tovuti ili ajue bei yako. Ametuma kijana aje aulize kama mteja, na pengine alifanya hivyo kabla hujamaliza kupanga duka. Anayefichwa kwa kweli ni mteja peke yake. Na mteja asipoona bei hadhani "lazima ni nafuu". Anadhani moja kati ya mawili: ama ni ghali sana hadi wameona aibu kuandika, ama bei inapangwa kulingana na sura ya muulizaji. Anatoka bila kuaga, nawe hutawahi kujua alikuja.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: "Bei yetu hutegemea." Kweli, kitanda cha saipresi na cha mahogany si bei moja, na futi tano kwa sita si sawa na sita kwa sita. Basi andika hivyo. "Kitanda cha saipresi, 5 kwa 6, kuanzia KSh 18,000. Mahogany huongeza KSh 9,000. Droo za chini huongeza KSh 4,000." (Bei hizi ni za mfano tu, usije ukatushika nazo.) Sentensi tatu kama hizo zinampa mteja picha, naye anaweza kujipima kabla ya kukupigia. Wale ambao mfuko wao haufiki watajiondoa wenyewe, na wewe utaacha kupoteza asubuhi nzima ukijibu watu ambao hawangenunua. Anayepiga simu atakuwa ameshajua bei na bado anataka. Hiyo ni simu tofauti kabisa.

Kuna na wale wanaosema wateja wetu hupenda kupatana, kwa hivyo bei ikiandikwa mazungumzo yameisha. Si kweli. Sokoni bei hutajwa kwanza, ndipo kupatana kunaanza. Ukitaka, andika kabisa: "Bei inazungumzika ukichukua viwili na zaidi." Na ukitaja bei, sema kama kuna kitu kingine juu yake. Kama VAT ya asilimia 16 haijaingizwa, sema. Kama kupeleka Rongai ni bei moja na kupeleka Thika ni nyingine, weka orodha fupi. Hakuna kinachomkasirisha mtu kama kufika mwisho na kukuta KSh 2,300 imeongezwa njiani bila maelezo. Hapo ndipo wengi hughairi, na wakighairi hivyo hawarudi.

Haya, tuje kwa kusomeka kwenyewe.

Fundi wako wa tovuti alikuonyesha kazi kwa kompyuta kubwa, ofisini, taa zimewaka vizuri. Ilipendeza. Lakini mteja wako yuko kwa stage saa saba mchana, jua linampiga usoni, simu ina ufa kwa kioo, na amepunguza mwangaza ili betri imfikishe nyumbani. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, yale ambayo wabunifu hupenda kuyaita ya kisasa, kwake hayaonekani. Hilo si suala la ladha tu. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lina miongozo inayosema tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Kuna vifaa vya bure mtandaoni ambavyo unaweka rangi zako mbili vinakupa jibu papo hapo. Mwambie fundi akuonyeshe jibu hilo. Ukiona hajui unaongelea nini, basi umejifunza kitu kuhusu fundi.

Ukubwa wa herufi nao usichezewe. Pikseli 16 kwa maandishi ya kawaida ndio mwanzo, na kwa bei na namba ya kulipia ongeza. Mteja akilazimika kuvuta ukurasa kwa vidole viwili ili asome, ameshaanza kuchoka. Na tafadhali, maandishi juu ya picha, hapana. Picha ya sofa ya maua maua halafu juu yake maneno meupe: hakuna atakayeyasoma, na sofa yenyewe pia haionekani.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalifikirii kwa sababu wamejifunza kazi kwa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichopimwa kutosha neno la Kiingereza la herufi tatu hakitoshi "Kamilisha malipo"; maneno yanakatika, mteja anaona "Kamilisha mal" na nukta tatu. Vilevile ile tabia ya kunyoosha maandishi pande zote mbili kama gazeti. Kwa safu nyembamba ya simu, ukiwa na maneno kama "wanaotuhudumia" na "tutakapokufikishia", kompyuta inalazimika kutawanya mapengo katikati ya maneno hadi mstari unaonekana kama meno yaliyong'oka. Acha maandishi yaanzie kushoto na yaishie popote yatakapoishia. Ni jambo dogo, halina gharama yoyote, na usomaji unabadilika mara moja.

Picha zinazozunguka zenyewe juu ya ukurasa hatuzipendi, na hatutazunguka mbuyu kusema hivyo. Mteja anaanza kusoma kuhusu meza, kabla hajamaliza meza imeondoka, kabati limeingia. Akitaka kubonyeza kabati, limekuwa kiti. Weka picha moja nzuri ya kitu unachouza sana, iliyopigwa mchana, bila mapambo, na chini yake bei.

Halafu kuna uzito. Picha moja kutoka kwa simu nzuri huwa na megabaiti tatu, nne, hata tano. Ukipandisha kumi na mbili hivyo hivyo, bila kuzipunguza, umemwekea mteja ukurasa wa karibu megabaiti 48. Aliyenunua bando la 100 ametumia karibu nusu yake kuangalia vitanda vyako, na hajaona bei bado. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 au 200 kila moja zinaonekana vile vile kwa simu, na ukurasa wote unakuwa chini ya megabaiti mbili na nusu. Kuzipunguza ni kazi ya dakika kumi. Na yule mteja wa Lodwar au Wundanyi mwenye mtandao wa kusuasua atafika mwisho wa ukurasa badala ya kukwama kwenye kile kiduara kinachozunguka. Si unakijua.

Lugha, sasa. Karibu kila tovuti ya biashara ndogo tunayofungua inaanza na sentensi moja, kana kwamba zote ziliandikwa na mtu mmoja: sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho bora za kibunifu kwa wateja wetu wa thamani. Suluhisho za nini? Unauza maji? Unachimba visima? Unashona sare za shule? Soma sentensi yako ya kwanza kwa sauti mbele ya mtu asiyekujua, umuulize unafanya kazi gani. Akishindwa kukuambia, ifute. "Tunashona sare za shule Nakuru. Oda ya vipande 20 na zaidi tunaleta hadi shuleni." Imeisha hapo. Hiyo ndiyo sentensi.

Kuhusu Kiswahili au Kiingereza, msimamo wetu ni rahisi: andika kwa lugha ambayo wateja wako hukuulizia bei. Kama wanakuuliza kwa Kiswahili, waandikie Kiswahili, na kisiwe cha kutafsiriwa na mashine halafu kikaachwa bila kusomwa. Tumewahi kukuta kitufe kimeandikwa "Ongeza kwenye mkokoteni". Mtu wa Gikomba anajua mkokoteni ni nini, na anajua haungii kwa simu. "Weka kwa kikapu" ingetosha. Kama wateja ni mchanganyiko, weka lugha zote mbili, lakini bei, mahali na namna ya kulipa viwe sawa sawa kote. Tumeona ukurasa wa Kiingereza ukiwa na till moja na ule wa Kiswahili till nyingine ya zamani. Yaani lugha unayosoma ndiyo inaamua pesa yako itaenda wapi.

Na hapo tumefika kwa jambo linalotunyima usingizi zaidi, ukurasa wa malipo.

Fikiria kwa upande wa mteja. Hakuoni, hajawahi kukanyaga dukani kwako, na anakaribia kutuma KSh 27,000 kwa namba aliyoipata kwa ukurasa. Nchi hii watu wameliwa pesa mtandaoni vya kutosha, kwa hivyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Anaweka till, anaweka kiasi, halafu kabla ya kuthibitisha simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Tovuti inasema kwa herufi kubwa jina zuri la duka la fanicha. Simu inasema jina la mtu asiyemjua, au jina la biashara ya mitumba ambayo ulikuwa nayo zamani kabla hujaanza mbao. Wewe ungefanya nini? Angeghairi hata kama ni ndugu yako.

Dawa ya hili haihitaji fundi. Pale ulipoandika till, andika na jina litakaloonekana. "Till 123 456. Simu yako itaonyesha jina hili hili: ..." na uandike jina lenyewe herufi kwa herufi jinsi lilivyosajiliwa. Kama limetofautiana na jina la duka, eleza kwa mstari mmoja ni kwa nini. Na uongeze: "Ukiona jina lingine lolote, usilipe, tupigie." Mstari huo wa mwisho unafanya kazi mbili. Unamtuliza mteja wa kweli, na unamharibia kazi tapeli, kwa sababu kuna watu wanaonakili kurasa za biashara nzuri, picha kwa picha, na kubadilisha kitu kimoja tu. Unajua ni kipi.

Namba yenyewe iwe maandishi, isiwe ndani ya picha. Tunaona sana mabango mazuri ya rangi, till imechorwa ndani. Mteja hawezi kuinakili. Inambidi aikariri, atoke kwa ukurasa, aende kwa menyu ya malipo, aiandike kwa kumbukumbu. Hapo ndipo 6 na 9 hubadilishana viti. Asiyeona vizuri, anayetumia simu imsomee ukurasa, kwake picha hiyo ni kimya kitupu kama hukuandika maelezo yake. Weka namba kwa maandishi, kubwa, na kama fundi anaweza aongeze kitufe cha kunakili. Chagua pia fonti ambayo 1 haifanani na l.

Ukitumia paybill, nusu ya maelezo huwa inasahaulika. Paybill ina sehemu mbili: namba ya biashara na namba ya akaunti. Tovuti nyingi zinaandika ya kwanza na kunyamaza. Mteja anafika kwa "akaunti" na kuanza kubahatisha: jina lake, namba yake ya simu, neno "kitanda". Jioni mhasibu wako, ambaye pengine ni wewe mwenyewe ukiwa umechoka, anakaa na malipo kumi na tano hajui ni ya nani. Andika wazi: "Kwa akaunti weka namba ya oda yako, mfano F214." Mfano ni muhimu kuliko maelezo. Watu hawasomi maelezo, wanaiga mfano.

Njia bora zaidi, kama mauzo yako yanaruhusu gharama ya kuiunganisha, ni ile ambayo mteja anaweka namba yake ya simu kwa tovuti na simu inaletewa yenyewe ombi la kuthibitisha kwa PIN, ile wengi huita STK push. Hapo mteja haandiki till wala kiasi, kwa hivyo hakosei. Lakini mwambie mapema kitakachotokea. "Ukibonyeza hapa, simu yako itakuletea ujumbe wa kuweka PIN. Hakikisha jina na kiasi kwanza." Asiyeambiwa akiona ombi la PIN linaruka ghafla kwa simu anadhani ameibiwa, na tunamwelewa kabisa, kwa sababu tumemfundisha miaka yote awe mwangalifu. Na hili lisikosewe kamwe: PIN huwekwa kwa simu, kwa ujumbe huo tu. Tovuti yako isiwe na kisanduku chochote kinachoomba PIN ya mteja. Fundi akikuletea fomu yenye kisanduku hicho, mrudishie.

Wengine bado wanaandika kana kwamba kila mteja yuko kwa mtandao mmoja. Benki Kuu ilitangaza Aprili 2022 kwamba malipo ya till yatavuka mitandao, kwa hivyo mteja wa laini nyingine si wa kufukuzwa. Muulize anayekupa till yako hatua zikoje kwa laini zile nyingine, kisha uziandike chini ya zile za kawaida.

Baada ya kulipa, ukurasa usinyamaze. "Asante" peke yake haitoshi kwa mtu ambaye ametoa elfu ishirini na saba. Mwambie lini atapigiwa, kwa namba gani, kitanda kitachukua siku ngapi, na kikifika na kasoro afanyeje. Sera ya kurudisha pesa iandikwe kwa sentensi za kawaida, si kwa lugha ya mawakili iliyonakiliwa kutoka tovuti ya Marekani ambayo hata inataja sheria za jimbo la California. Tumeiona hiyo, kwa tovuti ya muuza kuku.

Kuhusu usalama wa tovuti yenyewe hatutakaa sana. Anwani ianze na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika waziwazi kwamba ukurasa si salama kama haina, na hakuna mteja anayetaka kulipa akitazama maneno hayo. Cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hivyo mtu akikutoza pesa nyingi kwa hilo peke yake muulize vizuri. Ila ujue https inasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti hayasikilizwi njiani. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao wanayo. Uaminifu utauonyesha kwa mengine: mahali ulipo panapoelezeka ("mkabala na...", "jengo la...", si "Nairobi CBD" tu), namba ya simu inayopokelewa, picha za kazi yako mwenyewe na si za Ulaya.

Fomu nazo tuzipunguze. Ili kumletea mtu kitanda unahitaji jina, simu na mahali. Huhitaji namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa wala dini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue zile taarifa unazohitaji kwa kazi iliyotajwa, na umwambie mtu unazichukulia nini. Kila kisanduku cha ziada ni mteja mwingine anayechoka njiani, na ni taarifa nyingine utakayoulizwa siku ikivuja.

Mtu atatuuliza, kwani yote haya ya nini na nina WhatsApp na ukurasa wa Facebook? Kaa nazo, zinauza. Lakini akaunti inaweza kufungwa au kuibiwa usiku mmoja na wateja wote wakapotea nayo, na bei uliyoandika Machi imezikwa chini ya picha za Aprili. Tovuti ya ukurasa mmoja inatosha kabisa. Tunasema moja, tukimaanisha moja: unachouza, bei, mahali, namna ya kulipa, namba ya simu. Kurasa nane zitakuja kama zitahitajika.

Unapoianzisha, hakikisha anwani imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Anwani za .ke ziko chini ya KeNIC, na husajiliwa kupitia mawakala wake. Wengi huacha fundi ajiandikishe yeye. Fundi akihama, akikasirika au akibadilisha simu, anwani yako iko kwake, pamoja na ukurasa wenye till yako. Anayeweza kuingia kwa tovuti anaweza kubadilisha tarakimu sita na kuondoka. Kwa hivyo nywila ya tovuti ilindwe kama PIN, na mara moja kwa wiki fungua ukurasa wako kwa simu ya mtu mwingine usome till kwa macho yako.

Kabla hujatangaza tovuti, fanya jaribio hili. Tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona, afadhali mtu mzima asiyependa mambo ya mtandao: shangazi, jirani, mlinzi wa jengo. Mpe simu ya kawaida, nje, juani, na bando la kawaida. Mwambie, "Tafuta kitanda cha futi tano kwa sita, uniambie ni ngapi kukileta Rongai, halafu lipa shilingi kumi." Mpe hizo kumi. Kaa kimya, usimwonyeshe kwa kidole. Pale atakapokunja uso, andika. Pale atakapokuuliza "sasa hapa?", andika. Pesa zikiingia, angalia zimeingia zikiwa na namba ya oda ama zikiwa na neno "kitanda".

Ukishafanya jaribio na kuna mahali pa malipo pamekukwamisha, tutumie anwani ya ukurasa kupitia huduma kwa wateja tuutazame pamoja. Usitutumie nywila wala PIN, hatuzihitaji.